Kupukutika kwa majani ya miche ya matunda

Kupukutika kwa majani ya miche ya matunda ni hali ambayo mti mchanga wa matunda, uliotolewa kitaluni na kupandwa shambani au uani, hupoteza majani yake yote au sehemu kubwa ya majani hayo katika siku au wiki za kwanza baada ya kupandwa. Hali hii huweza kuipata miti ya aina nyingi, ikiwemo michungwa, milimau, miparachichi, miembe na mipera. Chanzo chake kikubwa ni mizizi kushindwa kuvuta maji ya kutosha, ama kwa sababu imekatika, ama kwa sababu udongo umekauka, ama kwa sababu udongo umejaa maji hadi mizizi ikakosa hewa.

Mti uliobaki vijiti vitupu si lazima uwe umekufa. Miche mingi hung'olewa ingali hai, na mingine huendelea kumwagiliwa kwa miezi ilhali ilikwisha kufa. Ipo pia miche inayofufuka, lakini kinachochipua ni mti wa chini uliobebeshwa, si ule ulionunuliwa. Kwa nafasi ya mita 10 kwa mita 10, hekta 1 hubeba miembe 100 tu. Mkulima anayepoteza miche 20 amepoteza sehemu ya tano ya shamba lake, na kila mche unaopandwa upya huanza kuhesabu miaka ya kungoja matunda toka mwanzo. Kwa hiyo kutambua hali halisi ya mche kabla ya kuchukua hatua ni jambo lenye faida kubwa.

## Kwa nini mti hupukutisha majani

Jani ni mahali pa kutengenezea chakula cha mti, lakini pia ni njia ya kupotezea maji. Juu yake kuna vitundu vidogo sana viitwavyo stomata. Kupitia vitundu hivyo huingia kaboni dioksidi inayohitajika katika usanisinuru, na wakati huohuo hutoka mvuke wa maji. Maji yanayopotea hurudishwa na mizizi, hasa ncha changa za mizizi pamoja na vinyweleo vyake. Mti ukiwa na afya, maji yanayoingia chini hulingana na yanayotoka juu.

Mche unapohamishwa mizani hiyo huvurugika. Mizizi iliyotoboa kiriba na kuingia ardhini kitaluni hukatika mche unapoinuliwa. Udongo wa kiriba ukimeguka njiani, vinyweleo hukauka kwa muda mfupi. Tena mche uliolelewa chini ya kivuli hujikuta ghafla kwenye jua kali na upepo. Majani yanabaki yaleyale huku mizizi inayoyalisha imepungua.

Mti hujitetea kwanza kwa kufunga stomata. Upungufu ukiendelea, homoni za mmea, hasa ethilini na asidi ya absisiki, huchochea hatua ya pili: mahali kijiti cha jani kinaposhikana na tawi, seli za tabaka moja huachana, jani huanguka, na kovu hujifunika. Kazi hiyo hufanywa na seli zilizo hai. Ndiyo maana majani yanayoanguka yenyewe na kuacha kovu safi huashiria kwamba tawi lilikuwa hai lilipoyaacha. Kinyume chake, majani yaliyokauka na kung'ang'ania tawini mara nyingi huonyesha kwamba tawi lilikufa haraka kabla ya kuwahi kuyaachia.

Kwa maneno mengine, kupukutisha majani ni njia ya mti kupunguza matumizi ya maji mpaka mizizi mipya iote. Wazalishaji wa miche hutumia kanuni hiyohiyo kwa makusudi. Matawi ya mwembe yanayotarajiwa kutoa vikonyo vya kubebesha huondolewa majani siku kadhaa kabla ya kukatwa, ili macho yake yaanze kuvimba.

## Miti inayopukutisha majani kwa kawaida

Baadhi ya miti ya matunda huacha majani kila mwaka bila kuwa na ugonjwa wowote. Mitufaha, mipichi na miplamu, inayolimwa katika sehemu za baridi kama Lushoto na Njombe nchini Tanzania na nyanda za juu za Kenya, hulala wakati wa baridi na kuchipua baadaye. Mkomamanga, mtini na mtopetope pia huweza kubaki bila majani wakati wa kiangazi. Katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, ambako hakuna baridi ya kutosha kuilaza mitufaha, wakulima huondoa majani yote kwa mikono baada ya mavuno ili kuiamsha miti ichanue tena.

Kuna tofauti muhimu kati ya makundi mawili ya miti. Mti unaopukutisha kwa msimu hurudisha sehemu ya virutubisho vya majani katika matawi na mizizi kabla ya kuyaangusha. Mti usiopukutisha kwa msimu, kama mchungwa au mparachichi, huweka sehemu kubwa ya akiba yake katika majani yenyewe. Mchungwa ulioangusha majani yote umepoteza akiba hiyo, hivyo una nguvu kidogo ya kuanzia upya na unahitaji uangalizi zaidi. Mparachichi una udhaifu mwingine: mizizi yake ina vinyweleo vichache sana, kwa hiyo huumia upesi udongo unapokauka na pia unapojaa maji.

## Kutambua kama mti ungali hai

Njia rahisi ya kupima uhai wa mche ni kukwaruza gome. Kwa ukucha au kisu kikali kilicho safi, gome la juu hukwaruzwa kidogo, urefu wa kama sentimita 1. Chini ya gome la mti ulio hai kuna utando wa kijani au wa rangi ya maziwa, wenye unyevu. Utando huo una kambiamu, yaani seli zinazozaa mbao na gome jipya. Sehemu iliyokufa huwa ya kahawia na kavu.

Upimaji huanza kwenye ncha ya tawi na kushuka kidogo kidogo kuelekea shinani, kwa sababu mti hufa kuanzia nchani. Mikwaruzo iwe midogo na michache, wala isizunguke shina, maana gome likikatwa pande zote chakula hakishuki tena kwenye mizizi. Dalili nyingine husaidia: kijiti kilicho hai hupinda, kilichokufa huvunjika kwa mlio; macho yaliyo hai huwa yamejaa, yaliyokufa husinyaa na kubanduka yakiguswa.

Kwa mche uliobebeshwa, yaani ule ambao kikonyo cha aina iliyochaguliwa kimeunganishwa juu ya mche mwingine wenye mizizi imara, upimaji hufanyika juu ya maungio na chini yake. Majibu huwa ya aina tatu:

* Kijani juu na chini ya maungio: mche unaweza kufufuka na kuzaa matunda yaliyokusudiwa.
* Kijani chini ya maungio tu: mizizi iko hai, lakini aina iliyonunuliwa imekufa.
* Kahawia mpaka usawa wa ardhi: sehemu yote ya juu imekufa.

## Kutafuta chanzo

Mti wenye kiu na mti uliozama majini hufanana kwa macho. Yote miwili hulegeza majani kisha huyaangusha, kwa kuwa mizizi iliyokosa hewa haiwezi kuvuta maji hata yakiwa mengi. Makosa hutokea hapa: mwenye shamba huona majani yamelegea, huongeza maji, na kuumaliza mti aliotaka kuuokoa. Kabla ya kumwaga ndoo yoyote ni lazima udongo uchunguzwe.

Uchunguzi hufanywa kwa kuchimba polepole pembeni mwa shimo, kina cha sentimita 15 hadi 20, bila kuutikisa mche. Yafuatayo huangaliwa:

* Udongo mkavu unaomeguka kama vumbi: mche una kiu. Wakati mwingine udongo wa shimo huwa na unyevu lakini bonge la udongo wa kiriba limebaki kavu, kwa sababu maji yamepita pembeni.
* Udongo unaotoa maji ukikamuliwa, wenye harufu ya uvundo: mizizi imekosa hewa. Hali hii ni ya kawaida katika udongo wa mfinyanzi na mbuga nyeusi, ambako shimo hugeuka kuwa beseni.
* Mizizi myembamba iliyo myeusi na gome lake linabanduka kwa vidole: mizizi imeoza. Katika miparachichi kuoza huko mara nyingi huletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kinachostawi katika udongo uliotuama maji. Mizizi yenye afya huwa nyeupe au ya rangi ya maziwa kwenye ncha zake.
* Mizizi iliyozunguka kama kamba ndani ya umbo la kiriba, au kiriba chenyewe kikiwa bado kipo: mizizi haijaingia katika udongo mpya.
* Gome lililotafunwa karibu na ardhi na vijia vya udongo juu ya shina: mchwa.
* Kingo za majani ya mwisho zilizoungua, na samadi mbichi au mbolea ya chumvichumvi karibu na shina: mizizi imeunguzwa na mbolea.
* Majani na ncha zilizoiva kwa weusi baada ya usiku wa baridi kali: jalidi, ambayo hutokea katika nyanda za juu kama Njombe na Makete.

## Kuufufua mche

### Maji

Mti usio na majani hutumia maji kidogo. Lengo ni kuuweka udongo wa mizizi katika unyevu wa wastani, wala si kuulowesha kila siku. Kwa mche wa kimo cha kama mita 1, lita 5 hadi 10 zinazomwagwa polepole hutosha kwa mara moja. Zamu inayofuata hungoja mpaka kidole kikichomekwa ardhini kina cha sentimita 5 hadi 10 kikute udongo unaanza kukauka. Katika udongo wa kichanga wa pwani hilo huweza kutokea baada ya siku 2 au 3, na katika mfinyanzi baada ya wiki nzima au zaidi. Mahali penye shida ya maji, chupa ya plastiki yenye kitundu kidogo kwenye kifuniko huchomekwa kichwa chini kando ya mche ili itoe maji tone kwa tone.

Iwapo udongo umejaa maji, umwagiliaji husimamishwa na mfereji huchimbwa kuelekea upande wa mteremko. Mche ulio katika beseni la mfinyanzi huokolewa vizuri zaidi kwa kuinuliwa pamoja na bonge lake la udongo na kupandwa juu ya tuta. Bonge la kiriba lililokauka katikati hutobolewa kwa kijiti chembamba mara chache, kisha maji humwagwa taratibu karibu na shina mpaka yaingie.

### Kivuli na matandazo

Kivuli chepesi hupunguza upotevu wa maji na kulilinda gome. Makuti, majani ya migomba au nyasi huwekwa juu ya vijiti vinne, yakiacha mwanga upenye na hewa ipite. Upande wa magharibi huzibwa zaidi kwa sababu ya jua la alasiri. Mche ukianza kuchipua, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3. Kukiondoa kwa siku moja ni kuurudisha mche kwenye mshtuko uleule.

Gome la mti uliozoea kufunikwa na majani huungua likibaki wazi, hasa gome la mparachichi. Shina hupakwa chokaa iliyochanganywa na maji ili liakisi jua.

Matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 10, huhifadhi unyevu na kupoza udongo. Huachwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kuzunguka shina, kwa sababu matandazo yanayoligusa huleta uozo na huwapa mchwa maficho. Magugu yaliyo ndani ya mita 1 kutoka shinani hung'olewa, maana hunyang'anya mche maji.

### Kupogoa na mbolea

Matawi yaliyothibitika kufa hukatwa mpaka kwenye sehemu ya kijani, kwa mkasi au kisu kisafi. Tawi lililo hai halikatwi hata kama halina majani, kwa kuwa wanga uliohifadhiwa ndani yake ndio chakula cha machipukizi ya kwanza. Maua yakitokea huondolewa. Mwembe uliobebeshwa huweza kuchanua ukiwa bado mdogo sana, na ukiachwa ulee matunda hutumia nguvu unazohitaji kwa mizizi.

Mbolea haitolewi wakati huu. Chumvi za mbolea za viwandani huzuia mizizi dhaifu kuvuta maji, na samadi mbichi huiunguza. Mboji iliyoiva yaweza kutandazwa juu ya udongo mbali kidogo na shina. Mbolea nyingine hungoja mpaka majani mapya yakomae na kuwa ya kijani kilichokolea.

## Machipukizi mapya

Katika maeneo ya joto machipukizi huweza kuonekana baada ya wiki chache, na mahali pa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Machipukizi ya kwanza hayatoshi kuthibitisha kwamba mche umepona. Shina lenye wanga huweza kutoa majani hata likiwa na mizizi iliyokufa, kama kijiti kilichowekwa kwenye maji, kisha majani hayo hunyauka akiba ikiisha. Mche huhesabiwa kuwa umepona majani ya kwanza yanapokomaa na awamu ya pili ya machipukizi ikafuata, kwa sababu awamu hiyo hutegemea mizizi mipya.

Jambo la pili la kuangalia ni mahali machipukizi yanapotokea. Yanayotoka chini ya maungio ni ya mche wa chini. Michungwa mingi ya Afrika Mashariki hubebeshwa juu ya mlimau wa aina ya Citrus jambhiri, ambao mizizi yake ni imara lakini matunda yake ni makali. Kikonyo kikifa na chipukizi la chini likaachwa, mti utakua vizuri, utapendeza kwa kijani chake, na baada ya miaka kadhaa utazaa malimau. Hali kama hiyo huupata mparachichi wa aina ya Hass uliobebeshwa juu ya mche wa parachichi za kienyeji: matunda yatakayopatikana hayatakuwa yale yanayotakiwa na wanunuzi wa Hass.

Kwa hiyo, kikonyo kikiwa hai, machipukizi yote ya chini huondolewa kwa vidole yakiwa bado laini. Kikonyo kikiwa kimekufa, mche haujawa hasara kamili. Chipukizi moja la chini lililo imara huachwa likue, na likifikia unene wa penseli hubebeshwa upya kwa kikonyo kutoka mti mzazi unaojulikana. Mizizi iliyokwisha kushika ardhi huweza kukikuza kikonyo hicho haraka kuliko mche mpya.

## Kuamua kung'oa

Mche ulio wa kahawia mpaka usawa wa ardhi hauna matumaini ya kurudi kuwa aina iliyobebeshwa. Mche wenye kijani hupewa nafasi ya miezi 2 hadi 3 ya huduma, hasa msimu wa mvua ukiwa karibu, huku ukipimwa kila baada ya wiki mbili. Kijani kikizidi kushuka kuelekea chini kila unapopimwa, mche unakufa. Kikibaki palepale na macho yakianza kuvimba, unarudi.

Mche ulioamuliwa kung'olewa huchimbwa mzima ili mizizi yake ichunguzwe, kwa maana chanzo kisichojulikana kitaua pia mche utakaofuata. Mizizi iliyobaki na umbo la kiriba huonyesha kasoro ya upandaji. Mizizi iliyooza huonyesha kasoro ya mahali penyewe, na katika hali hiyo mparachichi mwingine haupandwi katika shimo lilelile.

## Kinga

Kinga huanzia kitaluni. Mche mzuri huwa umezoeshwa jua kwa kupunguziwa kivuli na maji polepole kabla ya kuuzwa, na mizizi yake haijatoboa kiriba na kujikita ardhini. Mche mkubwa sana katika kiriba kidogo huonekana wa thamani, lakini ndio unaopata mshtuko mkubwa zaidi.

Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 huchimbwa wiki kadhaa kabla ya kupanda, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri ndio unaorudishwa kuzunguka mizizi. Kiriba huondolewa chote, na mizizi iliyojizungusha hukatwa au kunyooshwa. Bonge la udongo halivunjwi. Maungio hubaki juu ya ardhi, na mche hufungiwa mambo ili upepo usiitikise mizizi mipya.

Wakati bora wa kupanda ni mvua zinapoanza na udongo umekwisha kulowa: mwanzo wa masika au vuli katika pwani na maeneo ya kaskazini mwa Tanzania, na mwanzo wa msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba, katika nyanda za juu za kusini na maeneo ya kati. Mche unaopandwa mvua zinapoelekea kuisha huingia kiangazi bila mizizi ya kutosha. Ikilazimu kupanda wakati huo, matandazo, kivuli na maji ya zamu huandaliwa siku ileile ya kupanda.